Foleni ya Fundi Saa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mlango wa ukumbi haujafunguliwa, watu walikuwa wameshajipanga nje. Mgeni angedhani foleni ni moja, kumbe zilikuwa mbili. Ile fupi ilikwenda kwa Nesi, mama mmoja mstaafu mwenye mdomo usio na breki. Ile ndefu, iliyopinda mpaka kwenye bomba la maji, ilikwenda kwa Fundi Saa. Wote wawili walikuwa wanapima presha, na mashine zao zilitoka boksi moja. Ila kwa Nesi unatoka umeambiwa punguza chumvi, kwa Fundi Saa unatoka umeambiwa uko sawa.

"Mimi na Fundi Saa wangu," akina mama walikuwa wakiambiana. "Yule Nesi ananipandisha presha kwa kuniangalia tu."

Huduma ilikuwa ya bure. Waliiendesha watu wa jumuiya moja ya sala, ambao mtaani waliitwa Watu wa Kimya, kwa sababu kabla hawajagusa kazi yoyote wanakaa robo saa nzima macho wamefumba, hakuna anayekohoa. Robo saa ikiisha, mwenye neno analisema. Asiye nalo anafunga aproni yake nyeupe, anaingia kazini. Walikuwa na daktari wa kujitolea, dada mmoja wa kuandika kadi, na Mlezi wao, mzee mpole ambaye hata nzi alimfukuza kwa adabu. Watu wazuri sana wale, usinielewe vibaya. Lakini walikuwa na utaratibu wao mmoja: ndugu akishapewa kazi, hakuna wa kumkagua. Kumkagua, walisema, ni kumwambia hatukuamini. Kuna siku daktari aliomba watu wapimwe mara mbili, na mtu mwingine. Mlezi akamjibu polepole, "Daktari, tukirudia kazi ya ndugu yetu mbele za watu, tutakuwa tunampima yeye." Likaishia hapo.

Sasa Fundi Saa aliipataje kazi ya presha, mtu aliyeishia darasa la tatu? Aliipata kwa masikio yake. Alitengeneza saa miaka arobaini kwenye kibanda cha kioo, na mtu akimletea saa mbovu, yeye hafungui kwanza. Anaiweka sikioni, anafumba jicho moja, anasema, "Gurudumu dogo limeisha meno." Akifungua, ni hivyo hivyo. Mji mzima ulijua masikio yale. Kwa hiyo Jumuiya ilipotafuta wa kufundishwa kusikiliza mapigo ya damu, Mlezi hakuhangaika kuuliza huku na kule. Na Fundi Saa alifurahi, we acha tu. Siku aliponing'iniza shingoni ile mipira ya daktari ya kusikilizia mapigo, alipita njia ndefu kurudi nyumbani, aonekane.

Ila masikio yalikuwa yameshaondoka, na hayakuaga. Kwanza zilikwenda sauti za ndege. Halafu saa ndogo za kike zikawa hazilii tena, akasema siku hizi wanatengeneza saa za ovyo. Halafu mkewe akaanza kusema kwamba redio yao inasikilizwa na mtaa mzima. Siku ya mafunzo alipochomeka mipira masikioni, alisikia kitu kama mtu anatembea pekupeku chumba cha tatu. Wenzake wakasema tumesikia, naye akasema amesikia. Alijiambia ni nta tu, itatoka.

Wiki iliyofuata hata yule wa pekupeku alikuwa hayupo. Alibonyeza kipira, kitambaa kikavimba kwenye mkono wa mtu, mshale ukapanda, akalegeza, mshale ukashuka, na masikioni hakuna kitu. Basi akamtazama mtu usoni. Aliyenawiri alimwandikia mia na ishirini kwa themanini. Mnene kidogo, mia na thelathini. Anayehema, alimwongezea tano. Namba mbaya hakumpa mtu hata siku moja, kwa sababu namba mbaya daktari angeifuatilia. Kila Jumamosi aliapa hii ni ya mwisho, kesho namwambia Mlezi. Halafu anakuja bibi mmoja, anaketi, anasema, "Habari za asubuhi, daktari," na lile neno daktari linamshuka kooni kama uji wa moto wenye sukari. Anaandika tena. Alikwenda hivyo mwaka mmoja na miezi minne.

Katika watu wa foleni ile alikuwamo Seremala. Hawa wawili vibanda vyao vilipakana tangu ujana, na hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana.

"Nipime vizuri, mzee wa tiki-tiki," Seremala alisema Jumamosi moja akikunja shati. "Kichwa kinaniuma hapa kisogoni tangu Jumanne."

"Kitaachaje kuuma na kimejaa vumbi la mbao?"

"Heri vumbi. Cha kwako kimejaa springi."

Foleni ikacheka. Fundi Saa akabonyeza, akalegeza, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza kitu kitamu. "Mia na thelathini kwa themanini. Nenda kapige randa."

"Na kichwa je?"

"Badilisha mto."

Alibadilisha mto kweli. Jumamosi ya pili akarudi na kichwa kile kile, akaandikiwa namba ile ile. Ya tatu vilevile. Jumatano yake alianguka juu ya meza yake ya kazi, ubao bado umebanwa, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Hospitali walipompima walikuta mia mbili na ishirini. Mkono wa kulia, ule wa randa, ukalala ubavuni kama si wake.

Fundi Saa alikwenda kumwona. Mke wa Seremala alimkuta kwenye korido, akamshika mikono yote miwili.

"Shemeji, ahsante," alisema, karibu kabisa na sikio, kwa hiyo hili alilisikia lote. "Wewe umemwangalia kila wiki. Nimewaonyesha madaktari kadi yake. Wamesema kama vipimo vilikuwa hivi, basi itakuwa imepanda ghafla tu. Hakuna wa kulaumiwa."

Kadi alikuwa nayo mkononi. Fundi Saa aliuona mwandiko wake mwenyewe, sifuri zake kubwa alizozichora kwa uangalifu kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mungu ni mkubwa, shemeji," alisema. Neno lilipotoka tu, alitamani kulirudisha kinywani alimeze na ulimi wake. Akasingizia kwamba amesahau kitu kwenye geti, akaondoka bila kuingia wodini. Uso ulimwaka njia nzima. Kila aliyempungia mkono barabarani alimwona kama anamnyooshea kidole.

Nyumbani alikaa mbele ya sahani mpaka chakula kikapoa.

"Una nini wewe?" mkewe aliuliza.

"Mimi sisikii."

"Hilo hata paka analijua."

"Hata mapigo ya mtu sisikii."

Mkewe alikuwa anafuta meza. Kitambaa kikasimama. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na kwenye zile kadi ulikuwa unaandika nini, baba watoto?"

Mama yule akavuta kiti, akaketi mbele yake ili auone mdomo. "Jumamosi usipolisema wewe, nitakuja kulisema mimi. Na mimi sitalisema vizuri."

Jumamosi ikafika. Kabla ya kimya Mlezi alizungumza, watu wakageuka wanamtazama Fundi Saa wanatabasamu, naye akatabasamu bila kujua kwa nini. Dada wa kadi alimwinamia akamweleza: wapo wajitoleaji sita wapya, na Mlezi amesema atakayewafundisha presha ni yeye. Robo saa ile ilikuwa ndefu kuliko miaka yake yote kibandani. Ilipoisha alisimama, akashika mgongo wa kiti.

"Mimi sisikii," alisema.

Mtu mmoja akacheka, alidhani ni utani wake.

"Sisikii mapigo. Sijawahi. Zile namba nimezitunga mwenyewe, nilikuwa natazama sura za watu. Na za Seremala nilizitunga. Aliniambia kichwa kinamuuma, nikamwambia abadilishe mto."

Hakuna aliyecheka tena. Mlezi aliinamisha kichwa, akakishika kwa mikono. Daktari alivua miwani, akaitazama kama anataka kuivunja. Wa kwanza kusema alikuwa Nesi, na alisema kwa sauti kubwa ili Fundi Saa asikie.

"Kadi zako ni ngapi?"

Dada wa kadi akahesabu, akasema mia tatu na kumi na mbili.

"Tutazipita nyumba zote. Mimi nitapima. Wewe utapiga hodi, na wewe ndiye utakayesema tumekuja kwa nini. Mimi sikusemei."

"Dada," Mlezi alisema, "si tutamwaibisha mzee wa watu?"

"Tutamwaibisha. Na sisi tuliokataa kumwangalia, aibu yetu nitaisema mimi, mlango kwa mlango."

Wakaanza siku ile ile. Fundi Saa alijua kuomba radhi kwa mtu mmoja, lakini kuomba radhi kwa mtaa ni kazi nyingine. Mama mmoja alimfungia mlango, akampa Nesi mkono wake kupitia dirishani. Mwingine alimwuliza, "Kumbe ulikuwa unanitania?" na hilo lilimuuma kuliko matusi, maana aliulizwa kwa upole. Mzee mmoja alikutwa na presha ya kutisha, wakampeleka kwa daktari muda ule ule, na wanawe walimtazama Fundi Saa mpaka akatoka nje ya uzio. Kila nyumba alisema yale yale. Hayakuzoeleka.

Wiki ya tatu Seremala aliruhusiwa kurudi nyumbani. Fundi Saa aliomba nyumba ile iwe ya mwisho kabisa. Nesi akasema itakuwa ya kesho.

Walimkuta ameketi kwenye kiti alichokichonga mwenyewe, mto chini ya mkono wa kulia. Mkewe akaleta viti, anamkaribisha shemeji. Shemeji hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, akianza na mafunzo, akimaliza na korido ya hospitali. Mke wa Seremala alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kile kiti alichomletea, akakirudisha ndani.

Seremala akamnyooshea Nesi mkono wa kushoto. Nesi akampima, akasoma namba, akaiandika. Halafu Seremala akafungua mdomo, upande ule mzima, akasema kitu, chini chini, maneno yakiburuzana.

Fundi Saa aliinama. "Sijasikia, ndugu yangu. Rudia."

Seremala hakurudia. Alifumba macho, amechoka. Nesi na mke wa Seremala, aliyekuwa amerudi kando ya mumewe, walikuwa wamesikia, alijua kwa jinsi walivyotazama sakafuni.

Wakatoka. Barabarani alimshika Nesi mkono. "Amesemaje?"

Lori lilikuwa linapita. Nesi alisema, yeye akaona midomo tu. Akaomba tena. Nesi akangoja lori lipite, akamwekea mdomo sikioni.

"Amesema usikanyage kwake mpaka umalize nyumba zote. Ukimaliza, uje."

Zilikuwa zimebaki mia mbili na sabini na moja. Fundi Saa alijifuta uso kwa pindo la aproni, akavuka barabara, akapiga hodi kwenye geti linalofuata.