Moja, Tatu, Nne, Mbili

Gari lilikuwa zima. Jambo hilo Mama alilirudia asubuhi ile mpaka mwenyewe akachoka kujisikia. Jana jioni liliingia uani bila hata kupiga chafya. Leo saa tatu mumewe akafungua boneti kwa nia njema, na nia njema ya mumewe ilimtisha Mama kuliko nia mbaya ya watu wengine.

Saa saba mchana binti yao alitakiwa awe kwenye uwanja wa mtihani wa udereva, na gari aende nalo mwenyewe, kwa kuwa pale hakuna gari la kuazimwa. Kampuni ya maziwa ilikuwa imemshikia nafasi ya dereva mpaka Ijumaa, na Ijumaa ilikuwa kesho. Miaka minne ameosha chupa za kampuni hiyo, sasa ana miaka ishirini na saba. Bila leseni atarudi kwenye chupa. Baba yake alipoufikiria uzito wa siku yenyewe, akaona haifai mtoto aende kutahiniwa na plagi kuukuu. Akanunua nne mpya, akazifunga mwenyewe.

Huyo baba alikuwa mstaafu wa ofisi ya vizazi. Alikaa nyuma ya dirisha miaka thelathini na moja akiandikisha watoto waliozaliwa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyempita mwenzake kwenye mstari, awe na barua ya mkubwa au awe na tumbo linalomkata. Mtaani walimwita Mzee Foleni. Yeye alilipokea jina hilo kama cheo. Nyumbani kwake miswaki ilikuwa na namba, ndoo za kuogea zilikuwa na namba, na mkate ulikatwa kuanzia upande mmoja tu. Aliyekata upande wa pili aliitwa kujieleza.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe nyaya nne za plagi. Alizivua zote kwa mpigo, kitu ambacho fundi yeyote angemkataza. Akazifuta vumbi. Akazifunga utepe mweupe na kuziandika namba kwa mwandiko uleule wa vyeti vya kuzaliwa. Kisha akazirudisha: waya wa tundu la kwanza la distributa, kile kikombe kinachogawa umeme wa plagi, ukaenda plagi ya kwanza, wa pili ukaenda ya pili, wa tatu ya tatu, wa nne ya nne. Akarudi nyuma hatua mbili akatazama. Palipendeza.

Akawasha. Gari lilitetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, likakohoa, likapiga mshindo kwa nyuma, likazima. Akawasha tena. Mshindo wa pili ulimtoa jirani nyumbani kwake. Alichungulia juu ya ukuta akauliza kwa adabu kama walale chini au waendelee na chai.

Mama alikuwa muuguzi msimamizi wa wodi, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni, maana yake alikuwa anafua. Akaja na mapovu mpaka viwikoni, akataka kujua nini kimeguswa. Mumewe akasema hakuna kilichoguswa, kimeboreshwa tu. Akazishuku plagi, akazing'oa, akarudisha zile za zamani: kikohozi kilekile. Akaishuku petroli, akainusa, akaiona haina hatia. Mwisho akafikia uamuzi kwamba injini imeshtuka kwa sababu haijawahi kuishi kwa utaratibu, na ikipewa muda itazoea.

"Saa nne na nusu sasa hivi," Mama alisema. "Itazoea lini? Aitwe fundi."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, shati limenyooshwa, fomu ya mtihani mkononi. Alikuwa na kawaida ya kutosema kitu.

Fundi wa mtaa ule alikuwa anaitwa Nusu Neno, na aliyembandika jina hilo alimpendelea, maana neno zima lilikuwa la nadra na hata nusu haikutoka kila siku. Akafika na kopo lake la spana. Akamwashiria Mama azungushe ufunguo, na yeye akawa anavua waya mmoja baada ya mwingine. Akauvua wa nne, gari likaendelea kukohoa vilevile. Wa tatu, vilevile. Wa pili, vilevile. Alipouvua wa kwanza, hata kile kikohozi kikakatika.

"Kwa hiyo anayefanya kazi ni mmoja tu," binti akasema. Fundi akatikisa kichwa kukubali. Akainama, akasoma zile tepe nyeupe, akasoma tena kama mtu aliyeletewa barua ya mzaha. Halafu akainua vidole.

"Moja, tatu, nne, mbili," akasema. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizopata kuzitoa katika ua ule.

Mzee Foleni akamtaka arudie. Hakurudia. Binti ndiye aliyefafanua, kwamba silinda za injini ile haziwaki kwa mpangilio zilivyokaa: inawaka ya kwanza, inafuata ya tatu, kisha ya nne, ndipo ya pili, na nyaya hazina budi kufungwa hivyo.

"Huyo wa tatu anampita wa pili kwa ruhusa ya nani?"

"Injini," fundi akajibu, akapeleka mkono kwenye nyaya.

Mzee Foleni akauwahi ule mkono akaushika. Alieleza, kwa sauti ya dirishani, kwamba yeye hana ugomvi na injini, ila gari ni lake na kadi ina jina lake. Akasimulia habari za mkuu mmoja aliyerudishwa nyuma ya mstari na suti yake. Akasema kama silinda ya tatu ina haraka, ingeamka mapema. Fundi akageuza kopo lake, akalikalia. Mzee akaingia tena kwenye gari kuizoesha injini. Ikapiga mshindo, na safari hii hata kuzunguka kwake kulikuwa kwa uvivu.

"Betri," alisema Nusu Neno, akaonyesha kidole kimoja. Imebaki kuwasha mara moja tu.

Ilikuwa saa tano na nusu, na mpaka uwanjani ni mwendo wa dakika arobaini. Mama alikuwa anajipanga kumwambia mumewe maneno ambayo huwa anawawekea wagonjwa wanaokataa sindano, binti akamtangulia.

"Baba, hiyo ndiyo foleni yako mwenyewe."

"Foleni yangu ipi?"

"Ya udereva. Ulianza na kaka. Ukamfundisha wa tatu. Ukamfundisha wa nne. Mimi wa pili umenifundisha mwaka huu, ulipostaafu, maana hakukuwa na mwingine aliyebaki."

Alilisema bila hasira, kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Ilikuwa kweli tupu. Mwaka alipotimiza miaka kumi na minane, baba yake alisema barabara zina tope. Mwaka uliofuata gari lilikuwa limechoka. Kisha mdogo wake naye akafikisha kumi na minane, na mvua ikakatika, na gari likapata nguvu. Mama naye alikuwepo, aliyaona yote, akanyamaza kwa kuwa alikuwa na zamu za usiku na hakuwa na nguvu ya kugombana. Hakupenda kulikumbuka hilo, lakini alilikumbuka vizuri.

Mzee Foleni alikaa juu ya bampa. Akaziangalia zile tepe. Akahesabu kitu kwa vidole, akafika kidole cha nne, akasita hapo. Mama akadhani yamekwisha, akamkonyeza fundi ashike spana.

Hayakuwa yamekwisha. Mzee akasimama, akaikumbatia injini kwa mikono yote miwili, shati jeupe na grisi.

"Basi sasa ndiyo hapiti mtu kabisa," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Kosa hilo nimelifanya mara moja. Wa pili hatakuwa wa mwisho tena katika ua huu. Bora gari lioze."

Ubishi wake Mama alikuwa ameuzoea miaka thelathini. Toba yake ndiyo hakuwahi kukutana nayo, na ikaonekana ni ngumu zaidi. Binti alitazama saa, akaikunja fomu mara mbili.

"Fundi," Mama akasema, "fungua hicho kifuniko cha distributa. Zungusha injini kwa spana, polepole, huo mkono wa ndani uzunguke. Baba Watoto, toa kifua kwenye mashine ya watu, njoo uone."

Ndani mlikuwa na kijimkono kidogo kinachozunguka, kikifikia kituo kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne, kisha kinarudi kulekule. Mama akamwuliza hapo wa mwisho ni nani. Mzee akasema ni mbili, si amesikia fundi anavyohesabu.

"Mbili akimaliza anakuja nani?"

"Moja."

"Basi mbili yuko mbele ya moja. Mimi napanga zamu za wodi mwaka wa ishirini huu. Wa usiku analia kwamba yeye ndiye wa mwisho, na wa asubuhi analia hivyohivyo. Kitu kinachozunguka hakina mwisho, unaanza kuhesabu unapotaka. Haya, anza na mbili."

Mzee Foleni akaweka kidole. "Mbili," akasema. Kijimkono kikasogea. "Moja. Tatu. Nne." Akarudia, kwa haraka kidogo: mbili, kisha moja, tatu, nne. Wa pili ametangulia, na waliobaki wamefuatana kwa zamu, hakuna aliyemrukia mwenzake.

Hapo akakumbuka kanuni moja ya ofisi. Ilisema kwamba mtu ambaye ofisi yenyewe imemkosea, atahudumiwa kabla ya wote. Miaka thelathini na moja hakuwahi kuitumia, kwa kuwa ofisi, kwa maoni yake, haikuwahi kumkosea mtu. Aliwasomea kwa moyo, pamoja na namba ya kifungu. Halafu akamgeukia binti yake, akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama wima.

"Ofisi imekosea," akasema.

"Ofisi gani, baba?"

"Mimi."

Binti aliitazama ile fomu yake iliyokunjwa, akaikunjua. Akasema sawa. Akasema lakini wafanye upesi.

Nusu Neno alimaliza kazi kwa dakika mbili, na mzee alisimama pembeni akiita, "Mbili," kisha, "Moja," kama yuko dirishani. Binti ndiye aliyezungusha ufunguo, kwa ile mara moja iliyobaki ya betri. Injini ikawaka, ikatulia, ikanguruma kwa sauti moja laini. Jirani akachungulia, akauliza kama yule mgonjwa amefariki.

Walifika uwanjani saa sita na dakika arobaini. Mtahini alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, asiyecheka na mtu. Akaingia garini na binti, wakapanda mlima, wakarudi kinyumenyume kati ya vigingi, wakapotea barabarani nusu saa nzima. Mzee Foleni alizunguka pale mpaka Mama akamwamuru akae. Waliporudi, mtahini alikuwa anaandika. Akasaini, akachana karatasi, akampa binti.

"Umefaulu. Injini yako imetulia sana, nani kakufanyia?"

Mzee akafungua mdomo. Mama akamkanyaga mguu.

Kurudi nyumbani binti aliendesha, baba yake pembeni, Mama nyuma na karatasi imelala mapajani. Kwenye kila kona mzee alikuwa anakandamiza sakafu kwa mguu wa kulia, akitafuta breki isiyokuwepo upande wake. Kona ya tatu Mama akamgusa bega, akamwambia aupumzishe mguu wake, dereva yupo.