Kifungu Alichokiuza Lorna

Katika bunge lile la jimbo, mtu aliweza kudanganya hata kanisani akasamehewa, lakini akishikana mkono na mwenzake kisha akamgeuka, kazi imekwisha: hata mswada wake wa kuziba mashimo ya barabara hautapita tena. Mheshimiwa Lorna Pribyl aliijua sheria hiyo kuliko sala zake.

Asubuhi ile, mbele ya bakuli la maharage na nyama ya pilipili, mkate mtamu wa mdalasini pembeni kama walivyozoeshwa tangu shuleni, mbunge mwenzake Duane Haskett alimnyooshea mkono mnene.

"Dada Lorna, kwenye mswada wangu sisi tulitaka mimba isitolewe baada ya wiki sita. Nakupa kumi na mbili. Wewe kubali tukifute kile kifungu chako cha kulinda afya ya mama. Baada ya wiki hizo daktari aiguse mimba pale tu mama anapokaribia kufa."

"Akaribie kiasi gani, Duane? Aanze kuchagua jeneza?"

"Lo, ulimi huo! Tutarekebisha mwakani."

Lorna akacheka, akampa mkono. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Kisha akawafuata wenzake wawili waliokuwa wakisitasita, akawabembeleza mpaka wakakubali kuupigia mswada kura ya ndiyo.

Mchana, wabunge wakirudi vitini, simu ikatetemeka. Alikuwa bintiye mjamzito, Josie.

"Mama, chupa imevunjika."

"Wiki ya kumi na saba? Na mtoto?"

"Hawezi kupona. Jana wangenisaidia bila maneno. Leo wakili wa hospitali anasema tusubiri kura yenu, maana gavana ameshashika kalamu na sheria inaanza papo hapo. Si uko humo ndani? Wazuie!"

Kengele ikalia. Lorna akageuka kuwatafuta wale wawili. Walikuwa upande wa pili wa ukumbi, kila mmoja kidole juu ya kitufe, wakimchekea kama watoto waliotumwa dukani wakarudi na chenji kamili. Akawapungia mkono: acheni! Nao wakampungia.

Akabonyeza nyekundu. Ubaoni, kati ya wote waliokubaliana na Duane, taa yake peke yake iliwaka nyekundu, hapana. Za wale wawili zikawaka kijani. Mswada ukapita.

Duane alikuja taratibu, hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha.

"Umenigeuka."

"Binti yangu yuko hospitali, Duane. Chupa imevunjika."

"Pole sana. Ungeniambia mapema."

"Nikuambie mapema? Kwani chupa ilinipigia hodi?"

Duane alikuwa ameshageukia mlangoni, ambako karani alikuwa akitoka na mswada mkononi, mbio, kuelekea kwa gavana.

Lorna akarudisha simu sikioni. Meno ya Josie yalikuwa yakigongana.

"Mama, homa imeanza."

"Daktari yuko wapi?"

"Yuko hapa. Amesoma kipimajoto, akamwonyesha wakili."

"Wanasemaje?"

"Wanasema bado sijakaribia."