Kofia ya Mtani Getini

Kofia ilikuwa tayari kichwani kwa babu nilipomwona mkubwa wa walinzi akija. Hakimbii, anatembea tu. Hapo ndipo nilipojua nimeharibu.

Babu yangu, Matonya, alimwaga zege la sakafu ya ukumbi wa Bunge hapa Dodoma. Tangu mwaka sabini na tatu tulikuwa tukiambiwa makao makuu yanahamia kwetu. Babu anasema aliamini siku aliposhika koleo pale, miaka thelathini na kitu baadaye. Wiki tano alivuta ubao kusawazisha sakafu, kibarua kikaisha kabla paa halijakaa. Hakurudi tena. Presha ya macho ilipoanza kumzimia dunia, akataka kitu kimoja: aione sakafu yake ndani ya ukumbi uliokamilika. Miezi minne nilifuatilia mwaliko kwa katibu wa mbunge wetu. "Njoo Jumatatu." Jumatatu zikanijua jina. Hatimaye ukapatikana.

Getini, mlinzi mmoja kijana alimsalimia mwenzake, "Kamwene!" Mhehe huyo! Na mimi Mgogo, mtani wake tangu enzi za mababu. Ningenyamazaje?

"Rudisheni kwanza ng'ombe wetu," nikamwambia, "ndipo mtukague mifuko."

"Ng'ombe gani? Si mlituletea wenyewe, mkabaki kuwachunga!"

Foleni nzima ikacheka. Babu akanivuta shati. "Seth, tuingie."

Tungeingia. Lakini mtani akikuzidi neno, unamkamatia mali mpaka ajikomboe. Misibani nimeona watu wakinyang'anywa hadi viatu. Nikamvua kofia yule mlinzi, nikamvika babu.

Mkubwa wake hakupaza sauti. "Shikamoo, mzee," alisema, akamvua babu kofia kwa mikono miwili, taratibu, kisha akauchukua mwaliko wetu. Mtani wangu alisimama wima, haniangalii tena.

"Ni utani tu, afande."

"Utani kacheze nyumbani, kijana. Tokeni kwenye foleni."

Tulikaa juani ng'ambo ya barabara hadi wanafunzi kutoka Mpwapwa, waliokuwa nyuma yetu, wakaingia, wakatoka, wakapigana picha. Babu hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Mwaka uliofuata nilipata mwaliko mwingine. Babu alikuwa haoni hata mlango wa nyumba yake. Niliingia peke yangu, na tai ya kuazima, nikaketi juu wanakokaa wageni.

Niliporudi hakungoja hata nikae. "Enhe. Sakafu?"

"Ina zulia, babu. Kote. Sijaiona."

Akafikiri. "Zulia lenyewe limetulia, au lina mawimbi?"

"Limetulia."

"Hata ile kona ya mlangoni? Pale tulimalizia na mvua."

Sikuwa nimeangalia kona yoyote. Babu alikuwa akingoja, uso ameuelekeza kushoto kwangu kidogo, mahali ambapo sikuwepo.