Rutere ya Papa Honoré

Kwa Papa Honoré Nzabandora, pale Ngungu, milimani Masisi, intaneti ilikuwa na mahali pake pa kukaa, na mahali penyewe palikuwa dirisha la jikoni, upande unaotazama bonde. Sebuleni haikutaka. Chumbani haikutaka kabisa. Lakini ukiiweka ile rutere, kile kisanduku cha kunasa intaneti, dirishani, ukaifunga kwenye nondo kwa ukanda wa mpira, ukaiinamisha kidogo kama kuku anayesikiliza mwewe, basi taa yake ndogo iliwaka kijani na nyumba nzima ikashangilia.

Aliyejua kuibembeleza alikuwa Papa Honoré peke yake. Kila asubuhi aliipanguza kwa leso yake ya kanisani kabla ya kwenda shambani. Mke wake, Sidonie, alikuwa ameichoka zamani.

Si kwamba Sidonie hakupenda intaneti. Aliipenda kuliko wote. Mtoto wao wa kwanza, Élysée, alikuwa amehamia Ntoto, kule Walikale, akauza chumvi, sabuni na vitenge, na akaoa hukohuko binti mmoja mpole jina lake Gaëlle. Kati ya Ngungu na Ntoto kuna milima, kuna msitu, na kuna barabara ambayo matope yake humeza pikipiki hadi taa. Basi mama huyu uso wa mwanawe aliuona kwa rutere tu, na uso wenyewe kila mara ulikwama katikati ya neno, mdomo wazi, jicho moja limefumba, kama mtu aliyeumwa na nyuki.

"Papa Élysée, tununue ingine," Sidonie alisema siku moja. "Darius ameleta mupya kwake sokoni."

"Mupya ya nini? Hii iko inatumika."

"Inatumika? Jana nilimuuliza Élysée kama ameamuka muzuri, akanijibu leo."

"Si alijibu?"

"Papa Élysée!"

"Sikia, Mama Élysée. Ng'ombe akipunguza maziwa, haumuchinje siku ileile."

"Huyu ng'ombe amekauka zamani. Tuko tunakamua pembe."

Mumewe alicheka, lakini hakukubali. Naye Sidonie hakumsukuma zaidi, kwa sababu alijua kitu ambacho Honoré hakukisema kwa mdomo. Ile rutere aliileta Élysée mwenyewe, alipopata kazi yake ya kwanza Goma. Aliipandisha mlima ikiwa imefungwa ndani ya tiriko yake, sweta yake ya pekee, ili mvua isiiguse, naye mwenyewe akanyeshewa hadi kwenye mifupa. Mwaka uliofuata akaenda Ntoto, na shamba la baba yake hakulilima tena. Kwa Honoré, kuitoa rutere hiyo dirishani kulikuwa kama kumtoa mtoto nyumbani mara ya pili.

Kisha Gaëlle akazaa mtoto mwanaume.

Alikuwa mjukuu wa kwanza. Élysée akatuma ujumbe kwamba jina litatolewa na babu, Jumapili baada ya ibada, kwa video, mbele ya watu wa Ntoto. Tangu hapo Honoré alilima maharagi huku akiita majina peke yake, sauti juu, asikie yanavyotoka. Jirani yao Brigitte, kiongozi wa kwaya, alisimama njiani na kumuuliza ni ng'ombe gani amepotea. Mwishoni akachagua Rukundo, ambalo kwa Kinyarwanda, lugha ya kwao, maana yake ni upendo. Alimwambia Sidonie tu, tena sikioni.

"Ni jina ya kupendeza," Sidonie alisema. "Twende kwa Darius mbele ya Jumapili."

"Hii itatosha. Jina ni neno moja tu. Neno moja itashindwa kupita?"

Jumapili ikafika, na mawingu nayo yakafika. Brigitte alikuja na mama za kwaya, wakajaa jikoni na wengine wakabaki nje, chini ya mabati. Papa Honoré, ndani ya koti lake la kanisani, alipanda juu ya kiti, mkono mmoja ukiibana rutere kwenye nondo, mkono mwingine ukishika simu. Sidonie alisimama kando ya jiko, tayari kumdaka akianguka.

Élysée akatokea. Gaëlle akatokea, na mtoto mikononi, amefungwa kitambaa cheupe. Nyuma yao kulikuwa na vichwa vya watu wengi.

"Papa, tuko tunasikiliza!"

Honoré akakohoa. Akaomba sala fupi, ambayo haikuwa fupi. Kisha akasema, "Mujukuu wangu, mimi koko yako, jina nakupa leo ni..."

Ngurumo ikapiga juu ya mlima. Taa ya kijani ikawa nyekundu. Élysée akakwama, mdomo wazi.

"Rukundo!" Honoré aliita. Hakuna aliyejongea ndani ya simu. "Rukundo!" Bado. Basi akamgeukia mke wake kwa hasira na kupiga kelele kwa sauti iliyotikisa sufuria: "Rutere! Rutere tena!"

Palepale taa ikapepesa kijani, na ndani ya simu zikalipuka vigelegele vya Ntoto, makofi, ngoma. Kisha kukawa kimya, na taa ikazimika kabisa.

"Wamesikia!" Brigitte alisema, na kwaya ikaanza kuimba.

"Umeona?" Honoré alimwambia mke wake akishuka kitini, jasho likimtoka. "Ile kitu bado iko na nguvu."

Sidonie alikuwa na wasiwasi kidogo, lakini siku ya furaha haiulizwi maswali. Alipakua bugali, sombe na maharagi, watu wakala mpaka mvua ikakatika.

Mvua nyingine zikafuata, na rutere ikalala. Ilipoamka, ilileta ujumbe mmoja wa sauti. Alikuwa Gaëlle, anaimba polepole kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni: "Lala, Rutera, lala, koko yako anakupenda..."

Honoré aliusikiliza. Akaurudisha. Akaurudisha tena.

"Mama Élysée, Rutera ni nani?"

Sidonie alikuwa anachagua maharagi kwenye ungo. Mikono yake ikasimama. Aliinua kichwa, akatazama dirisha, akamtazama mume wake, na ghafla akaona yote. Alianza kucheka taratibu, kisha kicheko kikamshinda, ungo ukainama na maharagi yakatawanyika chini, kuku wakaja mbio.

"Unacheka nini?"

"Jumapili," Sidonie alisema akijifuta machozi, "wakati ile taa iliwaka nyekundu, ulinigeukia mimi. Ulisema nini?"

Honoré alifikiri. Midomo yake ikatembea bila sauti. Kisha akaketi juu ya gunia.

"Yesu wangu. Nimemupa mutoto jina ya mashini."

Hakungoja. Alichukua simu na fimbo, akaanza kupanda kilima cha malisho, mahali ambapo simu hushika sauti hata kama haishiki picha. Sidonie alikaza kitenge na kumfuata. Njia nzima alimsikia akijiandalia maneno: "Élysée, kulikuwa kosa... Élysée, futeni ile jina..." Kule juu upepo ulikuwa mkali na ng'ombe wa watu waliwaangalia wakitafuna. Simu ikaita, ikaingia. Honoré akaweka sauti kubwa ili mke wake naye asikie.

"Papa!" Élysée alisema mara moja. "Ngoja kwanza, mimi njo niseme mbele. Nilikuwa nakutafuta siku zote hizi."

"Élysée, hata mimi niko na neno..."

"Papa, acha niseme. Kanisani walitangaza mutoto. Muchungaji akauliza, Rutera maana yake nini? Wazazi ya Gaëlle hawasikie Kinyarwanda, njo nikasimama mimi. Nikasema, kwetu gutera ni kupanda mbegu. Nikasema papa yangu ni mulimaji, na papa yake alikuwa mulimaji, wote wamepanda mbegu kwenye milima ya Masisi. Mutoto wangu amezaliwa mbali na shamba, lakini koko yake hakumusahau, amemuita Mupandaji. Nililia mbele ya watu, Papa. Juu mimi nilizani ulibaki na kasirani tangu nilihama. Niliacha jembe yako, nikakuja kuuza sabuni. Sikuwaza hata siku moja kama utatoa jina kama ile kwa mutoto wangu."

Honoré alisimama na simu mbele ya uso wake. Maneno yote aliyoyapandisha kilimani yalikuwa yamekauka mdomoni. Akamtazama Sidonie kwa macho ya mtu anayezama. Sidonie hakumwokoa. Alinyoosha tu kola ya shati lake, kama anavyofanya kila Jumapili mlangoni.

"Ndiyo," Honoré alisema mwishoni. Akakohoa. "Rutera. Njo jina yake."

"Aksanti, Papa."

"Kasirani sikukuwa nayo. Nilikuwa na hamu yako tu. Na kuko jina ya pili, ile mvua ilikula. Andika Rutera Rukundo."

"Rutera Rukundo!" Alisikika Élysée akimwita Gaëlle, na Gaëlle akipiga kigelegele. Kisha akarudi. "Lakini Papa, siku ile mbona picha ilikuwa inakwama vile? Muko na rutere ya namna gani?"

"Si ile yako? Iko muzuri. Naipanguza kila asubuhi."

"Ile ya Goma?" Élysée akaangua kicheko kilichowafanya ng'ombe wainue vichwa. "Papa! Ile niliinunua okazyo, watu wengine walisha kuitumia! Hata siku niliileta, ilikuwa imezeeka kunishinda mimi! Nilizani mulisha kuitupa zamani. Itoe, Papa, tukuone vizuri. Gaëlle anasema hajui hata kama uko na pua."

Wakati wa kushuka Honoré alitangulia na fimbo yake mpaka karibu na nyumba. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Okazyo," alisema. "Mimi naipanguza na leso ya kanisa, kumbe okazyo." Akacheka mpaka akaegemea fimbo, na Sidonie, aliyedhani amemaliza kucheka, akaanza upya.

Siku ya soko walikwenda wote wawili kwa Darius. Kibanda chake kilikuwa kimejaa simu, chaja na taa za jua. Sidonie alikuwa ameandaa maneno ya kumshawishi mume wake, lakini hayakuhitajika. Honoré aliichukua rutere mpya kama mtu anayenunua ndama. Aliigeuza tumbo, akaipigapiga mgongo, akauliza inakula nini.

"Inakula umeme kidogo, Papa," Darius alijibu. "Plake yenu ya jua itaitosha."

"Na mvua?"

Darius alijikuna kichwa. "Mvua kubwa inasumbuaka zote, Papa. Muntu akikuambia hapana, anakudanganya. Lakini hii iko na antene ya inje, munaifunga juu ya mabati. Pale yenu inachokea, hii itaendelea. Muende nayo, mujaribu. Ikishindwa, muirudishe."

Honoré alimtazama mke wake. "Huyu anasema kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Angesema haiogopi mvua, ningerudi nyumbani."

"Basi?"

"Basi tuibebe."

Ile ya zamani aliifungua yeye mwenyewe kutoka kwenye nondo, akaipanguza mara ya mwisho, akaiweka ndani ya sanduku la picha za watoto. Kisha akapanda juu ya mabati na antene, na Brigitte akasimama chini akimwongoza kwa mikono miwili kama anaongoza kwaya: kulia, kulia, rudi, usianguke, hapo! Ndani ya nyumba taa ikawaka kijani. Ikabaki kijani. Walingoja izimike kwa mazoea, haikuzimika. Intaneti ikashika jikoni, ikashika sebuleni, na Sidonie akaingia na simu mpaka chumbani, akatoka akipiga makofi.

Wakapiga Ntoto. Élysée akatokea mzima, akasema sentensi moja yote, na sentensi nyingine, na mdomo wake ukafungika na kufunguka kama midomo ya watu wote. Gaëlle akasogea, akachungulia, akasema, "Aa, Papa, kumbe pua iko, tena kubwa!" Honoré akaishika pua yake kwa fahari, watu wakacheka huku na huku.

Siku zote, mbele ya simu, Sidonie alikuwa akibaki nyuma. Alimwachia mume wake, akawaachia majirani, akaridhika kuchungulia begani. Leo Honoré alimpa simu mkononi na kumsogezea kiti.

"Mama," Gaëlle alisema, "huyu hapa."

Akafunua kitambaa. Mtoto alikuwa na nywele nyingi na kidevu kilichogawanyika kidogo katikati, kidevu cha marehemu mama mzazi wa Sidonie, ambacho Sidonie hakukiona tena tangu walipomzika. Aliogopa kupumua, asije akaivuruga ile picha.

"Ongea naye, Mama. Anasikia."

"Rutera," Sidonie alisema polepole. "Rutera wangu. Mimi ni koko."

Mtoto akafumbua macho, akayakunja, kisha akafungua kinywa chake kidogo kisicho na jino na kupiga mwayo mrefu, wa raha, usio na haraka. Sidonie akiwa amemkazia macho, akapiga mwayo naye. Honoré, aliyekuwa ameinama juu ya bega lake, akaupokea. Mlangoni Brigitte akajaribu kuuzuia kwa mkono, akashindwa.

"Mumechoka nyote?" Élysée aliuliza kutoka Ntoto.

"Hapana," Sidonie alisema, macho yakimtoka machozi, hajui ni ya mwayo au ya nini. "Usikate. Tuko hapa."