Kiti cha Nyuma

Mzee Dzombo aliwaendesha matajiri wa Malindi mpaka akastaafu, na katika magari yao yote hakuwahi kukaa kiti cha nyuma. Bintiye Kache, aliyekuwa akikodisha magari ya harusi, alipotaka kuongeza gari, alimchukua waende kwa muuzaji mmoja mjini wakajaribu mawili: BMW na Mercedes.

Dzombo aliyaendesha yote mpaka eneo la Barani na kurudi.

"Hawa wa BMW wanamfikiria anayeshika usukani," alisema. "Gari lakutii kabla hujaliamuru. Wa Mercedes wanamfikiria bwana aliyekaa nyuma. Mimi ningechukua BMW."

"Lakini baba, wateja wangu ni maharusi. Hebu kaa nyuma, nikuendeshe mimi."

Mzee alisita, kisha akaingia nyuma ya Mercedes. Kache akashika njia ya Jilore. Mashimo yalikuwepo, ila huko nyuma yalisikika kwa mbali tu, kama jambo linalowahusu watu wengine. Dzombo alinyoosha miguu. Akamkumbuka tajiri wake wa mwisho, ambaye kila safari alifumba macho asimsemeshe hata neno, na jinsi yeye mwenyewe alivyomwekea kinyongo miaka yote kwa kiburi kile.

Alipozinduka, walikuwa wamesharudi mjini.

"Waonaje, baba?" Kache aliuliza. "Mbona nimekuongelesha njia nzima hujibu?"

Dzombo alijifuta mdomo.

"Nunua hili," alisema. "Na yule tajiri wangu wa mwisho nilimdhania vibaya. Alikuwa amelala tu."