Matuta ya Bernadeta

Kaka yangu Masalu alisimama mlangoni, panga mkononi, akaniuliza aanze kufyeka upande gani.

Ndani, kinamama wa jumuiya walikuwa wamemaliza kumwosha mke wangu na kumvika gauni lake la Pasaka. Bernadeta alifariki alfajiri ile, nyumbani, kama alivyotaka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, natazama ncha ya kiatu changu. Sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi mwili mzima: naona watu, naona midomo yao ikicheza, lakini hakuna kinachonifikia.

"Turubai liko njiani," Masalu alisema. "Na viti. Uwanja wote ni mboga. Watu watakaa wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Kwetu msiba ni watu, na watu lazima wapate pa kukaa. Ungekuwa msiba wa kwake, huenda mimi ndiye ningekuja na panga.

Uwanja wetu pale Buhongwa umeinama kuelekea korongoni. Tulipohamia ulikuwa mweupe na mgumu, umefagiliwa miaka na miaka mpaka mawe yakatokeza kama meno. Kila mvua iliondoka na udongo kidogo. Bernadeta aliutazama tu msimu mzima. Msimu wa pili akaanza kupanga mawe kukata mteremko, mstari kwa mstari, na nyuma ya kila mstari akatupia maganda ya ndizi, majivu, majani makavu na samadi aliyoomba kwa wafugaji. Kutoka barabarani mpaka mlangoni kukawa na mgagani, mchicha, matembele na nyanya chungu, na katikati kijia kimoja cha kupita mtu mmoja.

Hakuwa mtu wa mahubiri. Jumuiya ilipokutana kwetu, mwenyekiti wao, mama Wilhelmina, alimtania kwamba hajapata kuona mwanamke anayepiga magoti zaidi kwenye mchicha kuliko kanisani. Bernadeta akamjibu kwamba magoti ni yale yale. Mara moja tu nilimsikia akieleza. Alisema kazi ya kwanza ambayo Mungu alimpa mtu ilikuwa ya bustani, na yeye hajasoma mahali ambapo kazi hiyo imefutwa. Kisha akasema taka za uwanja wetu zinashuka korongoni, zinaingia ziwani, na ziwani kuna mtu anachota maji ya kunywa. "Mtu huyo nitasemaje nampenda," aliuliza, "na mimi ndiye ninayemtupia uchafu?" Wenzake walicheka, wakaimba, wakanywa chai. Kesho yake wawili walikuja kuomba miche.

Mimi sikuwa upande wake wala upande mwingine. Nilibeba mawe niliyoambiwa nibebe. Nilikula mboga. Kwa hiyo hata leo, watu wa Buhongwa wanaponiuliza siku ile nilikuwa nawaza nini, nawajibu kwamba sikuwa nawaza.

"Usifyeke," nilimwambia Masalu.

"Ndalahwa," aliniita kwa jina.

"Usifyeke, kaka."

Alinitazama kama anayemtafuta mdogo wake ndani ya mtu mwingine. Akasema watu watatusema, kwamba tumeshindwa hata kumsafishia marehemu uwanja. Nikasema waseme. Haukuwa ushujaa. Ganzi ile ile iliyonizuia kulia ilinizuia pia kuona aibu. Akaliegemeza panga ukutani, akaenda kwa jirani yetu mzee Abeid, na yule mzee akafungua geti lake bila maswali. Turubai likafungwa kwake. Waliokosa nafasi walikaa kando ya barabara. Minong'ono haikukosekana. Mmoja alisema, kwa sauti ya kunifikia, kwamba siku hizi mchicha unaheshimiwa kuliko watu. Mwenzake akamwambia angalau mchicha hausengenyi.

Tatizo lenyewe hatukuliona mpaka siku ya maziko. Jeneza lilipoletwa likiwa tupu, seremala alipita nalo peke yake, amelibeba kichwani. Sasa misa ya pale nyumbani ilikuwa imekwisha. Vijana sita wakalinyanyua, watatu huku na watatu huku, wakafika mlangoni, wakasimama. Kijia kilikuwa cha mtu mmoja, na kwa watu wawili ubavu kwa ubavu hapakuwa na pa kuweka miguu isipokuwa juu ya mboga, toka kizingitini mpaka barabarani. Padre alinitazama. Masalu pia alinitazama, kwa huruma. Nilijua sasa lazima niruhusu, maana hakuna mwanaume anayemzibia mkewe njia ya kaburini. Nikafungua mdomo. Nikaishia kuitazama ile mboga.

Ndipo Kija, mdogo wake Bernadeta, akavua viatu. Kija anashusha magunia ya dagaa kutoka kwenye mitumbwi, mwaloni, na mtu mwenye kazi hiyo hana maneno mengi.

"Kwenye tope hatutembei na gunia," alisema. "Watu wanasimama, gunia ndilo linalotembea. Ingieni kwenye kijia. Mmoja nyuma ya mwenzake, mbanane."

Tukaingia. Vijana, wazee, mama Wilhelmina amekaza kitenge chake kiunoni, mzee Abeid na kofia yake. Msururu ukaanzia mlangoni ukafika kwenye gari lililosubiri jeneza, wote tumeelekea barabarani, mikono juu. Mimi nilikuwa katikati, nyuma ya Masalu. Kinamama walianza wimbo, ukakatika, kwa sababu kila mtu alihitaji pumzi yake.

Jeneza lilikuja kutokea nyuma. Kwanza kivuli, halafu mbao. Uzito ukashuka viganjani, ukapita viwiko, ukakaa mabegani. Bernadeta alikuwa amekonda sana miezi ile ya mwisho, nilikuwa namgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Sikutegemea angekuwa mzito hivyo. Ukakaa, kisha ukasogea kwa Masalu, kisha kwa aliyekuwa mbele yake.

Nikasikia mlango wa gari ukifungwa. Watu wa mbele wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wakiangalia wanapokanyaga. Nyuma yangu Kija akanishika kiwiko.

"Shusha mikono, shemeji," alisema. "Dada ameshapita."