Mahari ya Kiraka cha Moyo

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Ukungu ulikuwa umeifunika Tunduma, na malori ya mpakani yalisikika bila kuonekana.

Katika hospitali moja ya binafsi, Daktari Irene alimwonyesha Mzee Ngusa, mfugaji kutoka Kamsamba, kiraka cha moyo kikidunda ndani ya bakuli la kioo. Mashine ilikuwa imekichapa tabaka kwa tabaka, pamoja na vijishipa vyake, kwa chembe hai zilizotolewa katika damu ya mzee mwenyewe. Kilipaswa kushonwa moyoni mwake kabla ya saa sita. Baada ya hapo kingekufa, na mzee hangechelewa kukifuata.

"Kimetoka katika damu yangu?" Ngusa aliuliza.

"Yako tupu, mzee."

"Na kimekulia tumboni mwa mashine?"

"Tuseme hivyo."

"Basi ni mwanangu, nami sijatoa mahari. Kwetu mtoto asiyetolewa ng'ombe ni wa ukoo wa mama. Siwezi kuiba mtoto wa watu nikamficha kifuani."

Mkewe, Edina, alishika kiuno. "Uzee wote huo, Ngusa, umeniletea mke mwenza wa umeme!"

Irene alieleza sayansi. Ngusa alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza baba wa mashine ni nani. Kwa kuwa muda ulikuwa unakwenda, Irene alimsukuma mbele Gasper, fundi wa mashine hiyo.

"Natoa mtamba mmoja," alisema Ngusa.

Gasper alikunja uso. "Mmoja? Kwa binti anayefuma mishipa ya damu?"

"Gasper, kubali!" Irene alinong'ona. "Kinapoteza nguvu."

"Daktari, baba anayekubali neno la kwanza humvunjia binti heshima."

Saa nne na nusu walikuwa wanabishania rangi ya ng'ombe. Kiraka kilidunda, kikasita, kikadunda tena. Edina alikiona.

"Nyamazeni!" alisema. "Mke mkubwa ni mimi. Ng'ombe ni wawili, weusi, na wa pili anatoka kwangu. Mtoto nitamlea mimi. Ngusa, panda kitandani umpokee."

Gasper aliinamisha kichwa. "Mchukueni mjukuu wangu, mama."

Irene alinawa mikono na kukishona kiraka. Ngusa alilala, akaamka jioni, akaomba maziwa. Edina alimnywesha, kisha akaagiza ng'ombe waletwe. Gasper aliizima mashine, akaifunika shuka, akawazuia wageni mlangoni ili mzazi apumzike.